Dereva wa kampuni na dereva mwenye lori lake Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mapato na gharama

Majibu haya yameandikwa na mtu aliyekaa kwenye usukani miaka kumi na mmoja, saba akiwa ameajiriwa na minne akiendesha gari lake mwenyewe, na ambaye sasa anawawekea hesabu wenye malori wachache wa Tororo na Malaba. Viwango vya kodi na vya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, vimetajwa kama sheria inavyosema. Bei za mzigo, dizeli na tairi ni za mfano, na kila msomaji aweke bei za siku yake mahali pake.

Kwanza, tofauti hasa iko wapi?

Dereva wa kampuni huuza muda na ujuzi wake. Gari si lake, mkopo si wake, na tairi likipasuka Mtito Andei saa nane ya usiku, hasara inaandikwa kwenye daftari la tajiri. Mwenye lori anayejiendeshea huuza huduma nzima ya usafirishaji, kwa hiyo ndani ya pesa anayopokea mna mshahara wa dereva, kodi ya gari, uchakavu wa injini, bima na faida, vyote vimechanganyika. Makosa mengi ninayoyaona kwenye madaftari huanzia kwenye kuchanganyika huko: mtu anaona shilingi milioni nane zimeingia, anatoa dizeli na chakula, kisha anaita kilichobaki mapato yake.

Dereva wa kampuni hulipwa kwa utaratibu gani?

Kuna mitindo mitatu. Wapo wanaolipwa mshahara wa mwezi pamoja na posho ya kila safari, wapo wanaolipwa mshahara mdogo na kiasi fulani kwa kila tripu iliyokamilika, na wapo wanaolipwa kwa tripu peke yake bila mkataba wowote ulioandikwa. Mtindo wa tatu ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu gari likikaa gereji wiki tatu dereva naye anakaa na njaa wiki tatu, huku hana gari la kuuza siku mambo yakiharibika. Anabeba hatari ya mwenye gari bila kuwa na gari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, na dereva asiyeyadai anajidhulumu mwenyewe.

Mshahara wa shilingi 900,000 unabaki kiasi gani baada ya makato?

Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyowekwa mwaka 2012, shilingi 235,000 za kwanza hazitozwi kodi, 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 10, 75,000 baada ya hapo hutozwa asilimia 20, na kinachozidi 410,000 hutozwa asilimia 30. Kwa hiyo mshahara wa 900,000 unakatwa kodi ya 172,000. NSSF huchukua asilimia 5, yaani 45,000. Dereva anabaki na 683,000 mkononi.

Ila hesabu haiishii hapo. Mwajiri analazimika kuongeza asilimia 10 yake, yaani 90,000, hivyo akaunti ya dereva huko NSSF hupokea 135,000 kila mwezi. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, wajibu huu unamhusu kila mwajiri, hata mwenye lori moja na dereva mmoja; zamani waliokuwa na wafanyakazi chini ya watano walikuwa wanaachwa. Marekebisho hayo hayo yanamruhusu mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Dereva akiangalia salio lake kwenye simu na kukuta halisogei wakati karatasi ya mshahara inaonyesha makato, aulize mwezi ule ule, kwa maana deni la miaka sita ni gumu kulidai kuliko deni la mwezi mmoja.

Je, posho ya safari ni sehemu ya mshahara?

Hapana, na kuihesabu kama mshahara ndiko kunakowafanya wengi waamini kwamba wanapata kuliko wanavyopata. Posho ni pesa ya kula, kulala, kuegesha na kulinda gari njiani, na ndiyo maana posho ya kazi yenye kiwango cha kawaida haitozwi PAYE. Anayebana posho akalala kwenye kibanda cha gari na kula mara moja kwa siku ili apeleke kitu nyumbani ameiokoa kutoka kwenye mwili wake. Sisemi asifanye, kwa kuwa nimefanya miaka saba. Nasema asiiandike kama faida ya kazi.

Mwenye lori hupokea mamilioni kwa tripu moja. Si lazima awe anapata zaidi?

Swali hili ndilo linaloleta watu wengi ofisini, kwa hiyo tulijibu polepole.

Kampala hadi Mombasa ni takriban kilomita 1,170, kwenda na kurudi 2,340. Chukua trela la ekseli sita, yaani kichwa chenye tairi kumi na trela lenye tairi kumi na mbili. Tuseme bei ya kontena moja la futi 40 kutoka Mombasa hadi Kampala ni shilingi 8,000,000, na dizeli ni 5,000 kwa lita.

Gari likishuka Mombasa na kontena tupu hutumia lita moja kwa kilomita tatu hivi, na likipanda Kampala na mzigo hutumia lita moja kwa kilomita mbili. Hizo ni lita 390 na 585, jumla 975, ambazo ni shilingi 4,875,000. Zaidi ya nusu ya malipo imekwisha kuingia kwenye tanki kabla hujanunua hata chupa ya maji. Chakula, maegesho na pesa ya tanboi, yaani msaidizi wa dereva, tuweke 500,000. Tairi 22 za 1,200,000 kila moja ni 26,400,000. Zikidumu kilomita 80,000, kila kilomita inakula shilingi 330, na safari nzima inakula karibu 770,000. Oili, filta na grisi ni 250,000. Akiba ya spea, yaani breki, klachi, springi na bearingi, ni 500,000. Bima, leseni na kodi ya awali tukizikadiria kuwa milioni 12 kwa mwaka na kuzigawa kwa safari 20, kila safari inabeba 600,000.

Jumla ya gharama ni 7,495,000. Kimebaki kiasi cha 505,000, na dereva bado hajalipwa.

Watu hunyamaza wakifika hapa. Wengi huniambia nimezidisha tairi, kwa sababu safari iliyopita hawakununua hata moja. Hawakununua, lakini walizitumia. Mwaka 2016 nilipita miezi mitano nikijiona mtu wa maana, kisha wiki moja kabla ya Pasaka mkaguzi wa barabarani akapitisha kidole gumba kwenye tairi zangu za nyuma, zote nane, akaniuliza kama natembeza magurudumu au vipara. Nyuzi zilikuwa zinaonekana kwenye mbili. Nilikopa kwa shemeji kununua tairi ambazo nilikuwa nimekwisha kulipwa pesa yake, kidogo kidogo, katika kila kontena nililoshusha.

Basi watu hupataje faida?

Kwa mzigo wa kushuka. Uganda huagiza mzigo mwingi kuliko unaotoka, ndiyo sababu magari hupanda yameshiba na kushuka na makontena matupu yanayorudishwa kwa kampuni za meli. Anayepata kahawa ya kushusha Mombasa, hata kwa bei ndogo ya 2,500,000, anaongeza dizeli ya lita 130 hivi, yaani 650,000, na kubaki na 1,850,000 za ziada kwa safari ile ile. Sasa salio la safari ni 2,355,000, si 505,000. Akifanya hivyo mara 20 kwa mwaka, anafikisha 47,100,000, sawa na 3,925,000 kwa mwezi, kabla ya kodi ya mapato na kabla ya mkopo.

Kampuni kubwa yenye mikataba na wauzaji wa kahawa hupata mzigo huo kwa urahisi. Mwenye gari moja huupata kwa kukaa kwenye maghala, kwa dalali, au kwa kufahamiana na watu miaka mingi. Dereva anayewaza kuacha kazi angeanza kukusanya namba za simu za maghala kabla ya kukusanya pesa za kichwa cha gari.

Nikinunua kwa mkopo, hesabu inakuwaje?

Tuseme umekopa milioni 100 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Marejesho ni takriban 3,615,000 kila mwezi. Ukiyatoa kwenye zile 3,925,000, unabaki na 310,000, na hiyo ni ikiwa kila safari kati ya 20 imepata kahawa ya kushuka. Dereva wa kampuni wa mfano wetu anabaki na 683,000 na NSSF juu yake.

Kwa miaka mitatu, kwa hiyo, mwenye lori huyu anakula chini ya dereva aliyeajiriwa, naye analala akiwaza hati ya nyumba iliyowekwa dhamana. Mwishoni gari linakuwa lake. Kama limetunzwa, miaka inayofuata ndiyo ya mavuno. Kama alikula ile akiba ya spea ili kulipa benki, anapokea logibuku, yaani hati ya umiliki, ya gari linalohitaji injini. Nimeona yote mawili, na kilichotofautisha watu hao kilikuwa akaunti ya pili ya benki ambayo pesa ya tairi na spea iliingia kila kontena liliposhushwa, bila kungoja kitu kiharibike.

Kwa nini mmehesabu safari 20 tu kwa mwaka, wakati njia ni ya siku nne au tano?

Kwa sababu gari haliishi barabarani. Kuna kusubiri kupakia bandarini, foleni ya mpaka wa Malaba, kungoja wakala wa forodha amalize nyaraka, kungoja mwenye mzigo apate nafasi ya kushusha, kisha gereji. Vituo vya mpakani vya pamoja na himaya moja ya forodha iliyoanza mwaka 2014 vimepunguza sana siku za mpakani, lakini barabara hii ina miaka yake. Mwaka 2020 vipimo vya korona vilileta foleni ya kilomita nyingi Malaba, na Januari 2022 mgogoro mwingine wa vipimo na ada zake ukafunga njia hadi bei ya mafuta ikapaa Kampala.

Dereva wa mshahara hulipwa siku hizo. Mwenye gari halipwi, ila benki inamhesabia. Kwa hiyo gawanya mapato yako kwa siku za kalenda, si kwa safari. Mkataba wa mzigo pia useme wazi gari litasubiri siku ngapi bure na baada ya hapo litalipwa kiasi gani kwa siku, na nani atalipa faini ya kampuni ya meli kontena likichelewa kurudi. Mimi niliwahi kukaa siku 23 na mzigo ambao mwenyewe hakuwa na pesa ya ushuru. Mkataba wangu ulikuwa mazungumzo ya simu. Nililipwa bei ya safari, bila shilingi ya kusubiri, na huyo mteja alishangaa kwa dhati kwamba nalalamika.

Kuzidisha uzito kidogo hakusaidii?

Hakusaidii. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli pacha na 24 kwa ekseli tatu za trela, yaani tani 50 kwa gari la ekseli sita, na kikomo cha juu kabisa ni tani 56 kwa ekseli saba. Kati ya Mombasa na Kampala utapimwa Mariakani, Mlolongo, Gilgil, Webuye na tena upande wa Uganda. Mzigo unaweza kuwa halali kwa jumla na bado ukakamatwa kwa ekseli moja kwa sababu ya upakiaji mbaya, kwa hiyo angalia wanavyopanga magunia kabla turubai halijafungwa. Kwa mwajiriwa, faini hii ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa makato. Sheria haimpi mwajiri uhuru wa kukata mshahara apendavyo, na dereva aliyepewa kontena lililofungwa lakiri hakulipakia yeye.

Mwenye lori hulipa kodi gani?

Kabla ya kupata kibali cha mwaka, hulipa kodi ya awali ya shilingi 50,000 kwa kila tani ya uwezo wa gari, kwa hiyo gari la tani 30 hulipa 1,500,000. Pesa hiyo hupunguzwa kwenye kodi ya mapato mwishoni mwa mwaka, na inasikitisha ni wangapi hawajawahi kuidai. Kampuni kubwa zikikulipa zinaweza kuzuia asilimia 6. Nayo ni kodi yako iliyolipwa mapema, ukiwa na cheti chake.

Jambo linalowashtua wengi ni kizingiti cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kilichopandishwa mwaka 2015 hadi mauzo ya milioni 150 kwa mwaka. Safari 20 za mfano wetu, kupanda na kushuka, ni mauzo ya milioni 210. Umevuka, hata kama mfukoni huna kitu, na umetoka pia kwenye kodi nyepesi ya biashara ndogo. Habari njema ni kwamba usafirishaji wa mzigo wa kuvuka mipaka hutozwa VAT ya asilimia sifuri, hivyo VAT uliyolipa kwenye spea na tairi unaweza kuidai. Habari ngumu ni kwamba mamlaka ya mapato, URA, inataka stakabadhi za EFRIS, mfumo wake wa stakabadhi za kielektroniki. Fundi wa kando ya barabara anayekuandikia kwenye kipande cha karatasi anakuuzia rahisi, lakini gharama hiyo inaweza kukataliwa.

Njia ya Juba inalipa zaidi. Niende?

Bei ni nzuri kwa sababu hatari ni kubwa. Mwaka 2021 madereva waligoma Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, baada ya wenzao kuuawa barabarani Sudan Kusini. Ukienda, uliza kwanza kwa maandishi kama bima yako inafanya kazi ng'ambo ya mpaka wa Nimule, na dai malipo makubwa kabla ya kuondoka. Mwajiriwa naye aulize familia yake italipwa nini.

Nikiugua au nikipata ajali?

Mwajiriwa ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, ana malipo ya ugonjwa, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi inamwajibisha mwajiri kwa majeraha ya kazini. Mwenye lori hana chochote kati ya hivi asichojinunulia mwenyewe. Bima ya lazima ya mtu wa tatu na kadi ya njano ya COMESA huwalinda wale utakaowagonga. Ile ya lazima haimtibu dereva, kadi humlipia matibabu kwa kiasi tu, na zote mbili hazitengenezi kichwa cha gari. Katika hesabu za watu ninaowaandikia, mstari huu ndio unaoachwa wazi mara nyingi zaidi, na kila nikiuona wazi namkumbuka jirani yangu aliyevunjika nyonga karibu na Salgaa. Gari lilikaa miezi minne. Liliuzwa.

Nikinunua lori la pili na kuajiri dereva?

Weka kipimo cha mafuta kwa kila safari, lakini kwanza mlipe dereva vizuri na kwa tarehe. Kunyonya dizeli kupo, na mara nyingi huanza mshahara unapochelewa mwezi wa pili.

Bado nimeajiriwa na nataka lori langu. Nianze na nini?

Nunua daftari la kurasa 96. Kwa miezi sita, andika hesabu za gari la tajiri wako kana kwamba ni lako: lita zilizoingia, kilomita kwenye dashibodi, tairi zilizobadilishwa, siku za kusubiri, na bei ya mzigo ukiweza kuijua. Jilipe mshahara wako wa sasa ndani ya hesabu hizo, pamoja na zile asilimia 10 za mwajiri. Kama bado kunabaki kitu cha kulipa benki, nenda ukaangalie gari, uende na fundi unayemlipa wewe, si wa muuzaji. Kama hakibaki, usiache kazi. Badilisha kwanza njia, au mteja, au kiasi cha mkopo, kisha uanze ukurasa mpya. Huyu wa mwisho niliyemwandikia alifanya hivyo mara tatu. Sasa ana lori moja la FAW analolilipia kwa miezi 24, baada ya kuweka akiba yake mwenyewe zaidi ya nusu ya bei, na kila Jumatatu asubuhi hunitumia picha ya ukurasa wa wiki.